Nitarudi! Maneno ya Arnold yaliyomtesa mama mkubwa

Vuta kigoda ukae, maana leo sina habari za mapenzi, sina mbinu za kumpata binti wa jirani, wala sina dawa ya chunusi. Hayo tumeshaongea sana. Leo nataka tuongee kuhusu maneno matatu tu ya Kiingereza. Mafupi, mepesi, hata mtoto wa darasa la tatu anayaweza. Lakini yamezunguka dunia nzima, yamempa mtu mmoja jina lisilofutika, na kwetu sisi, familia moja ya Dar es Salaam, yakaleta mushkeli wa miaka kumi na tatu.

Maneno yenyewe ni haya: "I'll be back."

Kwa Kiswahili chetu ni neno moja tu. Nitarudi.

Najua hapo ulipo umeshaisikia ile sauti nzito kichwani. Miwani myeusi, koti la ngozi, kifua kama mlango wa benki. Huyo ndiye Arnold Schwarzenegger, na kama ulikuwa unaweza kuliandika jina lake bila kukosea enzi hizo, basi mtaani ulihesabiwa kuwa msomi.

LEO ARNOLD

Kwa wale mliozaliwa juzi, ngoja niwape picha. Miaka ya tisini huku kwetu uswahilini sinema haikuwa kitu cha kubofya kwenye simu. Ulikuwa unakwenda kibandani. Kibanda chenyewe cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie, mabenchi ya mbao yenye misumari inayochana suruali, na mbele kuna TV moja na deki yake. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki: LEO ARNOLD. Basi. Hapakuwa na haja ya kuandika jina la mkanda.

Na kila mkanda ulikuwa na sheria zake. Ukiingia umechelewa, swali la kwanza unamuuliza jirani, "Stelingi nani?" Maana stelingi hafi. Risasi zitampita kushoto, zitampita kulia, nyumba italipuka, yeye atatoka anajikung'uta vumbi. Anayekufa ni adui, tena mwishoni, baada ya kupokea kipigo cha haja.

Sasa mkanda wa The Terminator ulituvuruga. Sisi tulikuwa tumeshamzoea Arnold wa Commando, baba wa watu anayekwenda kumkomboa binti yake aliyetekwa. Tukakaa tayari kumshangilia. Kumbe humu ndani Arnold ndiye adui! Kibanda kizima kilikataa. Jamaa mmoja alisimama akasema jamani tulieni, huyu atabadilika mbele ya safari. Wapi. Hakubadilika mpaka anakufa. Ndiyo, Arnold alikufa, na siku hiyo kuna watu walidai warudishiwe hela zao.

Kisa chenyewe kwa kifupi ni hivi. Mwaka 2029 mashine zimewashinda binadamu karibu kabisa, lakini kuna kiongozi mmoja anaitwa John Connor anazisumbua. Mashine zinapiga hesabu: badala ya kuhangaika na huyu, kwa nini tusirudi nyuma mpaka mwaka 1984 tukamuue mama yake kabla hajamzaa? Basi inatumwa mashine moja yenye umbo la mtu, ndiye Arnold. Binadamu nao wanamtuma askari wao, Kyle Reese, akamlinde huyo mama, Sarah Connor, ambaye wakati huo ni mhudumu tu wa mgahawani, hana habari na lolote.

Sarah anaishia kituo cha polisi. Arnold anamfuata. Anafika kaunta, anasema yeye ni rafiki yake Sarah Connor, anaomba kumwona. Askari wa zamu, mtu wa makamo aliyechoka na kazi, anamjibu kama tunavyojibiwa kila mahali: haiwezekani sasa hivi, anatoa maelezo, kama unataka kusubiri benchi lile pale. Arnold hakasiriki, hapandishi sauti. Anaangalia kaunta, anaangalia ukuta, kama fundi seremala anayepima mlango. Halafu anainama kidogo na kusema, "I'll be back." Anatoka.

Askari anaendelea na makaratasi yake. Baada ya muda mfupi taa za gari zinamulika usoni. Gari linaingia na mlango, na kaunta, na askari mwenyewe. Kilichofuata hapo kituoni unakijua.

Arnold alisema atarudi, akarudi.

ALITAKA KUYABADILISHA

Sasa nikupe umbeya wa nyuma ya pazia, maana najua ndiyo unaoupenda.

Mkanda ule ulitoka Oktoba 1984. Mwongozaji alikuwa James Cameron, ndiye huyu huyu aliyekuja kututoa machozi na Titanic mwaka 1997. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 30, hana jina. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 6 na ushee, kwa hesabu za Hollywood hizo ni hela za kuungaunga. Mkanda ukaja kuingiza zaidi ya dola milioni 70.

Mwanzoni Arnold alikuwa anafikiriwa kwa nafasi ya yule Kyle Reese, mtu mwema. Alipokaa na Cameron kuongea, muda mwingi akawa anaeleza jinsi mashine inavyotakiwa kuigizwa: isipepese macho ikipiga risasi, isiangalie bunduki ikiijaza. Cameron akaona hapa nimepata mashine yangu.

Ilipofika siku ya kusema yale maneno matatu, Arnold aligoma. Mwenyewe amelisimulia hili mara nyingi. Lile neno "I'll" lilikuwa linamkaba ulimi, kwake Kiingereza ni lugha ya kujifunzia ukubwani. Tena akatoa hoja: mashine haifupishi maneno, bora niseme "I will be back". Cameron akamjibu, kwa jinsi Arnold anavyosimulia, kwamba mimi sikufundishi kuigiza, na wewe usinifundishe kuandika. Sema kama ilivyoandikwa, hata mara kumi, tutachagua iliyo bora.

Akasema. Mengine ni historia.

Angalia mambo ya dunia lakini. Huyu mtu alizaliwa mwaka 1947 kijiji cha Thal, Austria. Aliingia Marekani mwaka 1968 akiwa na miaka 21, kilichompeleka ni misuli. Mkanda wake wa kwanza, Hercules in New York wa mwaka 1970, sauti yake waliifuta wakaweka ya mtu mwingine, eti hasikiki vizuri. Miaka 14 baadaye, sauti ile ile waliyoifuta ndiyo iliyofanya maneno matatu ya kawaida yakamuogofya kila mtu. Angeyasema mzawa wa California mwenye ulimi laini, nani angeyakumbuka? Kwa hiyo wewe unayechekwa kwa lafudhi ya kwenu, tulia. Muda wako unakuja.

Na hapa nitambe kidogo. Kiswahili kingemwokoa Arnold. Sisi hatuna "I'll" ya kumkaba mtu. Ni-ta-rudi, kwisha kazi: ndani ya neno moja umeshasema nani, umeshasema lini, umeshasema nini.

KWA NINI YALISHIKA?

Swali la msingi ni hili. Kila siku watu wanasema nitarudi. Mteja akiona bei anasema nitarudi. Mwenye deni akigongewa anasema nitarudi. Kwa nini ya Arnold ikawa maarufu?

Mimi jibu langu ni kwamba utamu uko kwa sisi tunaoangalia. Yule askari wa kaunta amesikia maneno ya mteja aliyekosa huduma. Sisi tumesikia hukumu ya kifo. Maneno ni yale yale, lakini sisi tunamjua msemaji, askari hamjui. Zile sekunde kati ya Arnold kutoka na gari kuingia, kibanda chote kinakuwa kimya, unataka umwambie yule mzee kimbia baba, na haiwezekani.

Kama yangekuwa matusi au mkwara wa "nitakuua", yangesahaulika. Vitisho vikubwa vinachosha. Hata mtaani kwenu, mbabe wa kweli hapigi kelele.

MZIGO UKASAMBAA

Arnold naye hakulala. Alipoona watu wameyapenda akayageuza kuwa mtaji. Mwaka 1985 kwenye Commando akamwambia adui yake Bennett kwamba atarudi, Bennett akajibu kwamba atamkuta tayari. Mwaka 1987 kwenye The Running Man akasema tena, safari hii akajibiwa kwamba atarudi kwenye marudio ya kipindi tu. Kwenye Twins mwaka 1988 akasema. Kwenye Total Recall mwaka 1990 akasema. Ikafika mahali kwenye Last Action Hero mwaka 1993 anayasema huku anajisifu kwamba hukujua kama ningesema hivyo, na kale katoto alikonako kanamwambia kwamba wewe kila siku unasema hayo hayo!

Lakini iliyonigusa mimi ni ya Terminator 2, mwaka 1991. Humo Arnold ni mashine ile ile, sura ile ile, ila safari hii ametumwa kumlinda mtoto John Connor. Polisi wamewazingira. Anawaambia wenzake kaeni hapa, nitarudi. Maneno ni yale yale, sasa yamekuwa faraja. Yule aliyekuwa anatisha kwa kurudi, sasa unaomba Mungu arudi haraka.

Mkanda huo huo ndio uliotuachia na ule usemi mwingine wa Kihispania, "Hasta la vista, baby", ambao John anamfundisha Arnold. Ukitaka kucheka, kwa watazamaji wa Hispania usemi huo haukuwa na kigeni chochote, ni lugha yao ya kila siku. Basi kwenye tafsiri yao wakaweka "Sayonara, baby", Kijapani! Tafsiri ina mambo. Kumbuka hilo neno, tafsiri, tutalirudia.

Mwaka 2005 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilipanga misemo 100 bora ya sinema za Marekani. "I'll be back" ikashika nafasi ya 37, ile ya Kihispania nafasi ya 76. Mtu mmoja kaingiza viwili.

Wanasiasa nao wakadandia. Arnold mwenyewe alichaguliwa kuwa gavana wa California Oktoba 2003, akakaa mpaka Januari 2011, na magazeti hayakuchoka kumwita Governator. Julai 2022 waziri mkuu wa Uingereza Boris Johnson, alipomaliza kujibu maswali bungeni kwa mara ya mwisho, akaaga kwa ile ya Kihispania. Na Machi 2018 Arnold alipofanyiwa upasuaji wa moyo, msemaji wake aliutangazia ulimwengu kwamba alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa "I'm back". Nimerudi. Hapo ndipo nilipokubali kwamba huyu mtu na maneno yake hawaachani tena.

Mwaka 2019, kwenye Terminator: Dark Fate, wakampa maneno ya kinyume. Mzee wa mvi, anaiaga familia aliyoilea, anasema hatarudi. Jamani, nilinyamaza.

ALIYEAHIDI KABLA YAKE

Usidhani Arnold ndiye wa kwanza kuvuma kwa ahadi hiyo. Mwaka 1942, vita kuu ya pili, jenerali wa Marekani Douglas MacArthur alilazimika kuondoka Ufilipino, Wajapani wamembana. Alipofika Australia akasema alitoka, na atarudi. Wafilipino wakayashika maneno hayo miaka miwili na nusu, chini ya utawala mgumu. Oktoba 20, 1944 akashuka majini kwenye kisiwa cha Leyte, suruali imelowa, akatangaza kwamba amerudi.

Nakutajia huyu kwa sababu anaonyesha upande wa pili. Arnold aliyasema akiigiza. MacArthur aliyasema akiwa na watu nyuma yake wanaosubiri kwelikweli. Na anayesubiri hajali sauti yako ni nzito kiasi gani. Anahesabu siku.

SASA HABARI YA KWETU

Mama mkubwa wangu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kaka yangu mkubwa kwa umri, bingwa wa Arnold mtaa mzima. Alikuwa na miwani myeusi ya mtumba, akiongea anakaza shingo. Mwaka 1996 masela walikuwa wanakwenda Bondeni, Afrika Kusini, na yeye akaamua kwenda. Tukamsindikiza kwenye basi la Tunduma, mimi na mama mkubwa na kikapu cha maandazi.

Basi likaanza kuondoka. Kaka akatoa kichwa dirishani, akavaa miwani, akakaza shingo, akasema ile sauti: "Ai'l bi beki!" Vijana wote pale stendi wakacheka. Mimi nikacheka mpaka machozi.

Mama mkubwa hakujua Kiingereza wala hakumjua Arnold. Akaniuliza, "Kasema nini mwenzio?"

Nikamwambia, "Kasema atarudi, mama."

Basi. Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa. Nilichukua utani nikamtafsiria mama mzima ukawa ahadi.

Mwaka wa kwanza kaka aliandika barua mbili. Mwaka wa pili alipiga simu kwa jirani, mara moja. Halafu kimya. Simu za mkononi zikaja, kila mtu akawa nayo, kimya. Waliotoka huko wakasema yupo, wengine wakasema hawamjui. Watu wakaanza kumshauri mama afanye kisomo. Akawa anakataa. Anawaambia, "Yule kasema atarudi. Huyu hapa alisikia." Na huyu hapa ni mimi. Kila sikukuu nikienda kumsalimia, nikishasema shikamoo, anajibu marahaba, halafu anaongeza, "Hivi alisemaje siku ile?" Nami narudia: alisema atarudi, mama. Ningemwambia nini? Kwamba alikuwa anamuigiza Mzungu wa kwenye video?

Kuna kitu nilikuja kukigundua kwenye miaka hiyo. Sisi Waswahili hatusemi nitarudi tupu. Mtu akitoka kwenda dukani anasema "nakuja", mgeni wa lugha anashangaa, huyu anaondoka au anakuja? Anaondoka, lakini ameshaanza kurudi kabla ya kufika mlangoni. Na safari ikiwa ndefu tunaongeza: Mungu akijalia. Inshallah. Panapo majaliwa. Tunajua njia ina mambo yake. Mashine ya Arnold ndiyo inayosema nitarudi bila kumuomba yeyote, ndiyo maana inatisha. Binadamu akisema hivyo, ama anatania ama hajui alisemalo.

Kaka alirudi mwaka 2009. Begi moja, nywele zimepungua, jino moja la mbele hana. Nilikuwepo. Mama mkubwa macho yalishaingia ukungu, akampapasa uso kwanza, kisha akamwambia, "Ulisema utarudi."

Kaka akauliza, "Nilisema lini, mama?"

Hakuwa anakumbuka. Miaka 13 mama anaishi kwa neno moja, mwenyewe hakumbuki kama alilitamka. Mama mkubwa akanigeukia mimi. Mimi nikaangalia mkeka.

"Ulisema," akajibu mama. "Mwenzio alinitafsiria." Akainuka kwenda kupakua wali.

Siku hizi kaka ana genge la mboga, mkanda wa Arnold ukioneshwa anabadilisha chaneli. Mimi sijamuuliza kwa nini.

Basi msomaji wangu, yaige ya Arnold yote: miwani, koti, hata kukaza shingo. Lakini ukiwa unaondoka, na nyuma yako kuna mtu amebaki amesimama stendi na kikapu, seme kwa Kiswahili chake. Na kama hujui utarudi lini, mwambie hujui.

Mimi nakuja. Wiki ijayo, hapa hapa, panapo majaliwa.